Polisi wa Reli ni wa Nani?

Yafuatayo ni maneno ya wakili mmoja aliyealikwa kuzungumza na waumini na wanaharakati wa Chala, Taveta, kuhusu polisi wanaolinda reli, stesheni na njia kuu za usafiri. Tunayachapa karibu yote kama yalivyosemwa.

Bwana Mwenyekiti, wachungaji na wazee wa kanisa, akina mama na akina baba, na nyinyi vijana mlioketi karibu na mlango kana kwamba mnajiandaa kutoroka: hamjambo nyote.

Mliponiandikia mliniomba nizungumzie mageuzi katika polisi. Nilipouliza ni polisi gani hasa, jibu lilinishangaza kidogo: polisi wa reli. Nikajiuliza, Chala na reli ni wapi na wapi? Hapa tuna ziwa, tuna mpaka, na tuna mlima ambao majirani zetu wa Tanzania huuita wao na sisi twauona vizuri kuliko wao. Lakini nilipokuwa njiani kutoka Voi, nikiwa ndani ya matatu, niliitazama ile njia ya chuma inayofuatana na barabara kwa takriban kilomita 110 hadi Taveta, nikaona kwamba mliouliza hamkukosea. Hakuna wilaya katika nchi hii iliyolipa bei kubwa kwa ajili ya kulinda reli kama hii yetu ya Taita na Taveta. Naomba mnivumilie nianze mbali.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Waliletwa vibarua takriban 32,000 kutoka Bara Hindi, na hesabu ya serikali yenyewe inasema kwamba 2,493 kati yao walikufa kazini. Watoto wetu shuleni hufundishwa habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898, na ni hadithi tamu, lakini simba hawakuua hata sehemu ndogo ya idadi hiyo. Waliobaki waliuawa na malaria, kuhara, ajali na uchovu. Mwaka 1902, reli ilipokwisha kufika ziwani, ndipo vilipoundwa vikosi vya polisi wa reli, na vituo vya polisi vikawekwa Mombasa, Nairobi na Kisumu, yaani palepale ambapo garimoshi lilisimama. Sheria ya kuwaunda polisi wa koloni zima ilikuja baadaye, mwaka 1906.

Hebu tulizingatie jambo hilo. Katika nchi nyingi polisi walizaliwa mjini, kwa sababu watu wa mjini walitaka wezi wakamatwe. Kwetu sisi polisi walishuka kutoka kwenye behewa. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuulinda mzigo, nyaya za simu, mataruma na bohari dhidi ya mwenyeji wa mahali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alipokuja, mwenyeji aliandikwa katika kitabu cha washukiwa kabla hajaulizwa jina.

Sasa nije karibu na nyumbani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Wajerumani waliitwaa Taveta katikati ya Agosti 1914. Kutoka hapa walituma vikundi vidogo vya askari wavuke nyika isiyo na maji, watege baruti chini ya Reli ya Uganda kati ya Voi na Mombasa. Waingereza nao wakaanza mwaka 1915 kutandika reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea huku kwetu, kwa ajili ya kubeba askari na maji. Mwezi wa Februari 1916 walipigwa vibaya pale Salaita; mwezi wa Machi wakairudia Taveta; na baadaye reli hiyo ikaunganishwa na ile ya Tanga na Moshi pale Kahe. Kwa hiyo reli hii tunayoiita ya kwetu haikujengwa kwa ajili ya mahindi yetu wala ndizi zetu. Ilijengwa kwa ajili ya mizinga, na mizinga ilipoondoka ndipo mkonge ukapanda.

Lakini yupo aliyelipa kuliko askari. Kusini ya reli, mbele ya Maungu, upo mlima Kasigau. Wakazi wake, Wakasigau, ni ndugu zetu. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu kwamba waliwasaidia Wajerumani na kuwafichulia habari za kambi ya Waingereza iliyokuwa pale mlimani. Hawakushtakiwa. Hakuna aliyesimama mbele ya hakimu akaulizwa, wewe ulikuwa wapi usiku ule? Walikusanywa wazee na watoto, wagonjwa na wazima, wakahamishwa hadi Malindi, nchi ya joto ambayo hawakuijua. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia na watoto wao waliruhusiwa kurudi mlimani kwao mwaka 1936. Ni miaka 21. Mtoto aliyebebwa mgongoni wakati wa kwenda alirudi akiwa mtu mzima, na pengine hakuijua njia ya kwenda kisimani kwa babu yake.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ningependa litajwe makanisani, kwani vijana wengi wa Voi na Taveta niliowauliza hawajapata kulisikia. Ya pili ni ya kisheria. Kosa la Kasigau, kwa upande wa serikali ya wakati ule, lilikuwa hili: mali imeguswa, hatumjui aliyeigusa, basi tumkamate yeyote anayeishi karibu. Kanuni hiyo haikuzikwa Malindi. Kila mara vifaa vya reli vinapopotea na gari la polisi likaingia kijijini usiku, likazoa kila kijana aliyekutwa nje, ni Kasigau ileile, ila imepunguzwa ukubwa.

Nitapita haraka juu ya miaka iliyofuata. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari na reli wakiwamo, waligoma kudai mishahara, na polisi wakapelekwa kuwakabili. Uhuru ukaja. Reli ikawa ya Afrika Mashariki nzima, kisha Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda shirika lake la reli, na Tanzania ikafunga mpaka mwezi wa Februari mwaka huohuo. Nyinyi wa Chala hamhitaji kuelezwa na wakili maana ya mpaka kufungwa hadi Novemba 1983. Mlikuwa na shangazi ng'ambo ya ziwa na shamba ng'ambo hii. Mpaka ulipofunguliwa, reli ya Voi hadi Kahe haikurudia tena uhai wake wa awali, lakini askari wa mpakani walibaki, na vizuizi barabarani vikabaki. Nimeona mara nyingi kwamba serikali huondoa huduma ikaacha mlinzi.

Halafu tukaingia katika mfumo wa vyama vingi. Sehemu ya 2A iliondolewa katika Katiba mwezi wa Desemba 1991, na wengi wetu tulidhani kwamba polisi nao wangebadilika kwa sababu chama kimebadilika. Tulijidanganya. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, genge lililokuwa na silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha pale kivukoni. Askari sita waliuawa, bunduki zikachukuliwa, na katika wiki zilizofuata watu zaidi ya mia moja wakafa na maelfu wakakimbia, wengi wao wakiitwa watu wa bara. Tume ya Jaji Akiwumi ilipochunguza, ilionekana kwamba fununu za maandalizi zilikuwa zimekwisha kuwafikia wakubwa wa usalama. Kivuko kilikuwa na polisi na bunduki. Kilichokosekana ni wakubwa waliotaka kusikia neno ambalo siasa haikutaka lisikiwe. Konstebo aliyekufa pale kivukoni alisalitiwa sawa na mama aliyechomewa kibanda chake, na sisi wa kampeni ya mageuzi tusiwe wepesi wa kulisahau hilo tunapozungumza juu ya polisi kana kwamba wote ni adui.

Miaka kumi baadaye, Januari 2008, vijana wa Kibera waling'oa reli inayopita mlangoni pao, mizigo ya Uganda ikakwama. Wapo waliosema huo ni ushenzi, na kwa kweli ulikuwa uharibifu ambao mimi siwezi kuutetea mahakamani. Lakini nilijiuliza: mtu huishi kando ya reli tangu azaliwe, treni hupita karibu na kitanda chake kila siku, kisha siku ya hasira anaing'oa kwanza hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Je, kuna aliyewahi kumwambia kuwa ni yake? Aliowaona wakiilinda walimfukuza asikatize.

Sasa sheria. Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha jina, kutoka jeshi la polisi hadi Huduma ya Taifa ya Polisi, na watu wengi hucheka wakisema jina halimzuii askari kukupiga. Ni kweli. Lakini Katiba haikuishia kwenye jina. Kifungu cha 244 kinawataka polisi wazuie ufisadi, wawajibike, na waheshimu haki za binadamu. Kifungu cha 239 kinakataza vyombo vya usalama kupendelea chama au upande wowote wa siasa. Kifungu cha 245 kinamweka Inspekta Jenerali mmoja juu ya Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala. Hapa ndipo swali lenu la polisi wa reli linapopata jibu.

Kwa maana mkienda leo kwenye stesheni ya Voi, ile ya reli ya kisasa iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, mtaona sare za namna nyingi. Wapo polisi wa reli, ambao ni sehemu ya Polisi wa Kenya. Kipo kikosi cha Polisi wa Utawala cha kulinda miundombinu muhimu, kilichopewa nafasi yake katika mpangilio mpya wa polisi uliotangazwa mwaka 2018. Wapo pia mabawabu wa kampuni za binafsi. Mwananchi akidhulumiwa na mmoja wao, anaambiwa, huyo si wetu, nenda kwa wale. Na akienda kwa wale, anaambiwa arudi alikotoka. Naomba mlishike hili: askari polisi hawi mtumishi wa shirika la reli kwa sababu amesimama juu ya jukwaa lake. Amri yake inatoka kwa Inspekta Jenerali na kiapo chake ni kwa Katiba, awe uwanja wa ndege, bandarini, relini au mpakani hapa Taveta. Meneja wa stesheni hawezi kumwamuru akufungie. Naye bawabu wa kampuni hana uwezo wa polisi hata kidogo. Akimshika mtu akitenda kosa, wajibu wake ni kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinasema uelezwe sababu papo hapo kwa lugha unayoielewa, unyamaze ukitaka, uwasiliane na wakili, na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Zikiisha baada ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama, basi ni siku ya kazi inayofuata. Na kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hupaswi kuwekwa rumande. Makosa mengi madogo ya kwenye reli, kama kutembea juu ya njia yake, hayastahili kumlaza mtu seli.

Nitasimulia kesi moja niliyoishika mwenyewe. Sitataja kituo, wala mahakama, wala mteja. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye mkokoteni. Alikodiwa kusukuma magunia mawili ya vyuma vikuukuu hadi kwa mnunuzi. Alisimamishwa Jumatatu asubuhi, magunia yakamwagwa chini, na miongoni mwa vipande vya jembe na sufuria zilizotoboka vikaonekana vibanio vinne vinavyofanana na vya reli. Alifikishwa mahakamani Ijumaa. Kati ya siku hizo mama yake alikwenda kituoni mara tatu, na mara mbili alielezwa kwamba jambo hilo lingeweza kuisha kwa kitu kidogo. Aliuza mbuzi mmoja. Jambo halikuisha.

Kesi ilidumu miezi saba. Hakuja hata siku moja mtu wa reli kuapa kwamba vibanio vile ni vyao. Aliyemkodi kijana hakutafutwa. Mnunuzi mwenye mizani, ambaye kila mtu mjini anamjua, hakuitwa hata kama shahidi. Mwishowe mashtaka yaliondolewa, na kijana akarudi nyumbani bila mkokoteni, kwa sababu mkokoteni uliochukuliwa kama kielelezo ulikuwa umeoza magurudumu uani mwa kituo.

Sasa niseme kosa langu. Zile siku nne zilikuwa uvunjaji wa Katiba ulio wazi kabisa, na ningeweza kuandika malalamiko. Mama yake aliniomba nisiandike, kwa kuwa yeye huuza chai karibu na palepale. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba ninamheshimu mteja, na kwa sehemu ilikuwa hivyo. Lakini kwa sehemu nilikuwa nimechoka na sikutaka kusafiri tena. Afisa yule alihamishwa baadaye. Alikohamia sijui anamshika nani.

Mtaniuliza, je, wizi wa vyuma si wizi? Ni wizi, na ni hatari. Kibanio kimoja kikitolewa si kitu, lakini vikitolewa kwenye kona, behewa huanguka. Tumezika watu wa kutosha kwenye reli hii. Januari 1993 daraja la Ngai Ndethya lilisombwa na mafuriko, treni ya usiku ikatumbukia mtoni, wakafa zaidi ya watu mia. Machi 1999 treni nyingine ilianguka upande uleule wa Tsavo, wakafa 32. Wala msisahau kwamba katika maafa hayo mawili hakuna mwenye mkokoteni aliyeng'oa chochote. Na polisi wa kulinda daraja si mhandisi.

Januari 2022, baada ya nchi nzima kukosa umeme kwa kuanguka kwa minara, serikali ilipiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu, kisha ikaifungua baadaye mwaka huohuo. Ilikuwapo tayari sheria ya mwaka 2015 inayomtaka kila mnunuzi awe na leseni na aandike alichonunua na kwa nani. Mnaona tofauti? Sheria hiyo inamtazama mwenye mizani. Marufuku ilimpiga mwenye gunia. Polisi wa reli wakitaka kweli kukomesha wizi, waanzie kwenye daftari la mnunuzi, si kwenye kibanda cha mama yake kijana. Na kuna wizi mwingine usiohitaji spana. Mwishoni mwa mwaka 2018 zilizuka tuhuma za udanganyifu wa tikiti za reli ya kisasa, na baadhi ya watu wakashtakiwa Mombasa kwa kujaribu kuwahonga wapelelezi. Sikusikia kwamba kijiji chochote kilizingirwa usiku kwa ajili hiyo.

Kuhusu askari wenyewe nitasema machache. Nimemwona konstebo akilinda kipande cha njia usiku bila tochi, bila koti la mvua, akinunua maji kwa fedha yake. Kamati iliyoongozwa na aliyekuwa Jaji Mkuu Maraga, iliyoteuliwa Desemba 2022, ilitumwa kutazama mishahara na hali zao za kazi, na yeyote aliyeingia katika nyumba za polisi hakuhitaji kusubiri ripoti. Askari mwenye njaa aliyepewa bunduki na kipande cha reli kisicho na treni atatafuta riziki kwa wapitao. Kudai apate makazi ya heshima ni sehemu ya kampeni yetu, na nawaomba wachungaji mlihubiri hilo hata kama waumini wataguna.

Basi tufanye nini hapa Chala? Nina mapendekezo, mtayakataa au kuyakubali. Kila kanisa liwe na daftari moja na mtu mmoja mwaminifu wa kuandika: nani alikamatwa, saa ngapi, wapi, na askari wa kikosi gani, na namba yake kama ilionekana. Mtu akikamatwa, watu wawili waende kituoni mara moja, wasiende peke yao, na waombe namba iliyoandikwa katika kitabu cha matukio. Msitoe kitu kidogo. Najua ni rahisi kwangu kusema. Iwapo mtu ameumizwa au amekufa mikononi mwa polisi, malalamiko yapelekwe kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ina ofisi Mombasa, na haidai ada. Mlalamikaji akiogopa kama yule mama, kanisa liandike kwa niaba yake. Sheria inaruhusu mtu mwingine alete malalamiko, na laiti ningalilitumia jambo hilo siku ile.

Na siku ikitangazwa kwamba reli ya Voi na Taveta itatengenezwa upya, msingoje shimo la kwanza kuchimbwa. Ulizeni mbele ya hadhara: polisi watakaoilinda watakuwa chini ya amri ya nani, watakaa wapi, na mwenye shamba atapita wapi na ng'ombe wake? Kifungu cha 40 kinataka ardhi ikichukuliwa fidia kamili ilipwe bila kukawia. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ibaki kwa katibu wa kijiji, kwa maana wakubwa huhamishwa.

Karatasi zenye vifungu nilivyovitaja ziko mezani kwa katibu, mlangoni. Zimeandikwa kwa Kiswahili; atakayezitafsiri kwa Kitaveta nitamshukuru. Matatu ya mwisho ya kwenda Voi inaondoka saa kumi na moja, kwa hiyo tuna muda wa maswali, na ningependa aanze mmoja wa hawa vijana wa karibu na mlango.